Maltipleksa ya analogi: ubaki na 4051 ya zamani au ununue chipu mpya?

Ukienda Kariakoo ukaulizia "IC ya 4051", yaani chipu ya maltipleksa inayounganisha chaneli moja kati ya nane kwenye waya mmoja, muuzaji anaingiza mkono kwenye kidroo na kukutolea kitu cheusi chenye miguu 16. Huenda kimeandikwa CD4051BE, huenda HEF4051, huenda 74HC4051. Inategemea kipi kimekaa karibu na kidole chake. Siku niliyorudi kulalamika nilijibiwa kwa upole kabisa: "Kaka, zote si 4051 tu?"

Nilikuwa natengeneza kisanduku cha mfugaji mmoja wa Kigamboni. Ana bruda nane (vizimba vya kulelea vifaranga kwa joto), na alitaka joto la kila moja lionekane kwenye simu. Mikrokontrola yangu ilikuwa ESP32, vihisi vilikuwa thamista (rezista zinazobadilika na joto) nane za kilo-omu 10, na kati yao niliweka CD4051 moja niliyoilisha volti 5. Mezani kwangu ilifanya kazi wiki nzima. Nilipofunga kule bandani, bruda ya 5 ikaanza kusoma joto la bruda ya 1, ya 6 ikasoma la ya 2, halafu baada ya saa mbili mambo yanarudi sawa yenyewe. Nilivuka na pantoni mara tatu kabla sijafungua datashiti na kuisoma kwa utulivu.

Kosa lilikuwa hili. CD4051 ikilishwa volti 5, mtengenezaji anadhamini kwamba mguu wa kuchagulia chaneli utaelewa "1" kuanzia volti 3.5 kwenda juu. ESP32 inatoa 3.3. Nyingi zitakubali hata chini ya hapo, ndiyo maana mezani sikuona tatizo. Lakini weka waya mrefu na umeme unaotetereka, mguu C, mmojawapo wa miguu ya kuchagulia, unaanza kusoma "0", na chaneli ya 4 (ya bruda ya 5, maana chaneli huhesabiwa kuanzia 0) inageuka chaneli ya 0. Chipu haikuwa mbovu wala si ya bandia. Nilichagua vibaya tu. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia tangu siku ile.

Kwanza, kilichomo ndani

Maltipleksa ya dijitali kama 74HC151 inatambua 0 na 1 basi. Ya analogi hupitisha volti kama ilivyo, tena pande zote mbili: unaweza kuingiza nane na kutoa moja, au kuingiza moja na kuigawa kwa nane. Ndani kuna swichi nane, kila moja ikiwa ni transista mbili za MOS zilizofungwa sambamba, na kidekoda kinachosoma miguu mitatu A, B na C ili kujua ipi iwashwe.

Swichi hizo si kama ya ukutani. Ikiwashwa inabaki na upinzani, ikizimwa inavuja kidogo, na kila ikigeuka inarusha chembe ya chaji. Tofauti zote kati ya chipu ya zamani na mpya zimo humo, ukiongeza kiasi cha volti ambacho kila moja inavumilia.

Hatua ya 1: soma jina lote, si namba nne za mwisho

Familia ya 4000 ilitolewa na RCA mwaka 1968, na CD4051B ni ya ukoo huo. Inakubali kuanzia volti 3 hadi 20, na HEF4051B inaishia 15. Upinzani wa swichi yake kwa kawaida ni kama omu 470 kwenye volti 5, ukomo 1050. Kwenye volti 10 unashuka hadi 180 hivi, na kwenye 15 unafika 125. Kumbuka mwelekeo huo: chipu hii hupenda volti nyingi. Kuilisha volti 5 ni kuifanyisha kazi ikiwa na njaa.

74HC4051 imechukua miguu ileile lakini ni mtoto wa familia nyingine. Upinzani wake ni kama omu 80 kwenye volti 4.5. Ila VCC (mguu wa umeme chanya) isizidi volti 6, na kati ya VCC na VEE (mguu wa umeme hasi) isizidi 10. Ndugu yake 74HCT4051 hulishwa volti 5 huku akielewa "1" kuanzia volti 2 tu, kwa hiyo ESP32 inaongea naye bila mkalimani.

Mtego mkubwa uko kwenye herufi CD. Kampuni ya Texas Instruments inauza CD4051B na pia CD74HC4051. Vibao vya chaneli 16 vinavyouzwa sana kwa wanafunzi vina CD74HC4067, si CD4067. Mtu anasoma "CD" na "4067", anakumbuka "volti 20", anaunganisha betri ya volti 12. Harufu yake unaijua. Zile herufi mbili, HC, ndizo zilizotofautisha.

Kisha kuna kizazi cha kati kilichoundwa kwa ajili ya vipimo vya viwandani: DG408, chaneli nane, volti chanya 15 na hasi 15, upinzani usiozidi omu 100, na miguu ya kuchagulia inayoelewa lojiki ya kawaida (ishara za 0 na 1) hata umeme wake ukiwa mkubwa. Na mwisho chipu za kisasa hasa: ADG708 ya Analog Devices, yenye omu 3, umeme wa 1.8 hadi 5.5, na TMUX1108 ya Texas Instruments, omu 2.5, umeme kuanzia 1.08 hadi 5.5, mvujo wa kawaida wa pikoampia 3. Ukitaka omu chache na volti nyingi kwa pamoja ipo ADG1408, omu 4 kwenye volti chanya na hasi 15, lakini jiandae kwa bei yake.

Umeona kilichotokea? Upinzani umeshuka kutoka mamia hadi omu chache, na nafasi ya volti nayo, kwa nyingi za bei nafuu, imeshuka kutoka 20 hadi 5.5. Hii si zawadi bila malipo.

Hatua ya 2: andika volti tatu kwenye karatasi

Kabla ya kufikiria upinzani, andika: umeme utakaolisha chipu, volti ya chini na ya juu kabisa ya mawimbi yatakayopita, na volti ya lojiki ya mikrokontrola yako.

Mawimbi hayaruhusiwi kuzidi umeme wa chipu, juu wala chini. Sauti kutoka mikisa hupanda na kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo chipu yenye umeme wa upande mmoja haiwezi kuipitisha mpaka uinyanyue kwa volti ya katikati. Hapa ndipo mguu wa 7 wa 4051, VEE, unapoonyesha akili ya wazee: VDD (ndiyo VCC kwa jina la CD) volti chanya 5, VSS (graundi) sifuri, VEE hasi 5. Lojiki yako inabaki 0 hadi 5, mawimbi yanapita kuanzia hasi 5 hadi chanya 5. Ukiwa na umeme wa upande mmoja, funga VEE kwenye graundi. Wengi huuacha ukining'inia, kisha wanalaumu duka.

Kwa kazi yangu ya Kigamboni karatasi ilisema: mawimbi 0 hadi 3.3, lojiki 3.3. Jibu likajileta lenyewe: 74HC4051 ikilishwa 3.3 ileile ya ESP32. Sikuhitaji omu 3 za ADG708, na sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 3: uliza kama kuna mkondo unaopita kwenye swichi

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo linaloamua kama pesa ya chipu mpya ina maana. Upinzani wa swichi unapunguza volti pale tu mkondo unapopita. Hakuna mkondo, hakuna upotevu, hata upinzani ungekuwa omu 1000.

Chukua thamista ya kilo-omu 10 iliyopangwa na rezista ya kilo-omu 10. Volti ya katikati inaingia maltipleksa, inatoka kwenda kwenye kisomaji cha analogi ambacho hakinywi karibu chochote. Omu 470 au omu 3, namba utakayoisoma ni ileile. Aliyenunua ADG708 kwa kazi hii amepamba tu.

Sasa chukua PT100, kihisi cha joto la tanuri. Ni omu 100 kwenye nyuzi 0, na kila nyuzi moja huongeza omu 0.385 hivi. Ukikipima kwa waya mbili, ukapitisha mkondo wa kupimia ndani ya swichi, omu za swichi zinahesabiwa kama za kihisi. Gawa: omu 125 za CD4051 kwa 0.385. Unapata nyuzi 325 za uongo. Kwa ADG708, omu 3 zinakupa uongo wa karibu nyuzi 8. Ni bora zaidi, lakini mwoka mikate hatakushukuru.

Dawa si kuendelea kutafuta swichi yenye omu chache zaidi. Tumia maltipleksa yenye pande mbili, yaani maltipleksa mbili za chaneli nne ndani ya chipu moja, kama 4052, au ADG709 ambayo ni pacha wa ADG708. Upande mmoja upeleke mkondo kwenye kihisi, upande wa pili upime volti juu ya kihisi chenyewe kwa waya mwingine. Waya wa kupimia haubebi mkondo, kwa hiyo omu zake hazihesabiki. Hapo hata 74HC4052 inafanya kazi nzuri, mradi miguu ya chini ya vihisi imekutana graundi kwa waya mnene na chanzo chako cha mkondo hakiyumbi.

Kwa sauti hesabu ni hiyohiyo, na jambo moja juu yake: omu za swichi hubadilika kadiri mawimbi yanavyopanda na kushuka, na mabadiliko hayo husikika kama mkwaruzo. Peleka pato kwenye ampifaya ya kupokea yenye upinzani mkubwa, megaomu 1 kwa mfano, badala ya kilo-omu 10. CD4051 ya shilingi chache iliyolishwa volti 15 na kupokelewa hivyo inatoa sauti safi. ADG708 haiwezi hata kujaribu, maana volti 15 zitaiua.

Pima mwenyewe, usiamini maandishi ya juu ya chipu

Chomeka chipu kwenye bredibodi. Mguu 16 volti 5, mguu 8 graundi, mguu 7 graundi, mguu 6 graundi (huu ni wa kuzuia, ukipata "1" swichi zote zinazimika). Miguu 11, 10 na 9, yaani A, B, C, yote graundi ili uchague chaneli 0, iliyoko mguu 13. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu 16.

Kutoka volti 5 weka rezista ya kilo-omu 1 hadi mguu 13. Kutoka mguu 3, ambao ndio wa pamoja, weka kilo-omu 1 nyingine hadi graundi. Washa. Pima kwa multimita volti juu ya rezista ya chini, kisha volti kati ya mguu 13 na mguu 3. Gawa ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa 1000. Hizo ndizo omu za swichi yako.

CD4051 moja niliyonayo ilinipa volti 2.08 kwenye rezista na 0.84 kwenye swichi: omu 404. Ileile kwa volti 10: 4.65 na 0.70, yaani omu 150. 74HC4051 kwa volti 5: 2.41 na 0.18, omu 75. Usithubutu kuijaribu hiyo ya mwisho kwa 10 ukiwa na graundi peke yake chini.

Jaribio hili ni kigunduzi kizuri cha chipu zilizoandikwa upya. Kitu kinachojiita CD4051BE lakini kwenye volti 5 kinatoa omu 75, kichukulie kuwa ni HC mpaka kithibitishe vinginevyo, na usikilishe 12. Rudia kwa chaneli zote nane. Mpangilio wa miguu ni wa ajabu, kuanzia chaneli 0 hadi 7 ni: 13, 14, 15, 12, 1, 5, 2, 4. Usijaribu kuukisia, ubandike ukutani.

Hatua ya 4: mvujo, na joto la paa la bati

Swichi iliyozimwa huvuja. Ukomo wa CD4051B ni nanoampia 100 kwenye nyuzi 25, na unapanda hadi 1000 kwenye joto kubwa. Kwa kawaida ni kidogo sana kuliko hapo, lakini kwa makadirio ya fundi mvujo huongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kisanduku cha plastiki kilichofungwa chini ya bati la Dar mwezi wa pili hakiko nyuzi 25.

Zidisha mvujo kwa upinzani wa kihisi chako. Thamista na rezista yake, ambazo kwa pamoja ni chanzo cha kilo-omu 5, kwa nanoampia 100, inakosea nusu milivolti, chini ya hatua moja ya kisomaji cha biti 12 kwenye 3.3. Sahau. Lakini kifimbo cha kupimia pH ya maji ya samaki kina upinzani wa mamia ya megaomu. Pikoampia 100 tu kwenye megaomu 100 ni milivolti 10, wakati kipimo kimoja kizima cha pH ni kama milivolti 59. Hapo TMUX1108 na pikoampia zake 3 ina haki ya kununuliwa. Hata hivyo mimi ningeweka ampifaya ya kupokea kwa kila kifimbo kabla ya maltipleksa, kisha 74HC4051 ingetosha.

Usomaji wa mizimu

Unagusa thamista ya 3, ya 4 nayo inapanda kidogo. Mafundi wengi hapa huanza kulaumu chipu ya zamani. Mara nyingi ni chaji iliyobaki kwenye kapasita ndogo ya ndani ya kisomaji kutoka chaneli iliyopita. Chipu mpya haiponyi hili. Tena swichi ya omu chache ina transista kubwa, na transista kubwa huja na kapasitansi kubwa.

Kinachoponya ni kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila chaneli, upande wa kihisi, kabla ya maltipleksa. Usiiweke moja upande wa pamoja ukidhani umeokoa saba: hapo kila unapobadili chaneli lazima uisubiri ijae upya, na kwa chanzo cha kilo-omu 5 ni nusu milisekunde mara tisa kwa biti 12. Ikiwa kila chaneli ina yake, chaji ya mizimu inazama humo kama kijiko cha chumvi kwenye tangi la maji. Baada ya kubadili chaneli, soma mara mbili na tupa ya kwanza. Chaneli zisizotumika zifunge graundi.

Kasi nayo? Watu huvutiwa na nanosekunde 14 za ADG708. Vifaranga havipati homa kwa nanosekunde.

Volti inayotoka nje ya mpaka

Hili linaumiza zaidi waya ndefu. Kila mguu una dayodi za ulinzi kuelekea umeme na graundi. Waya mmoja ukiokota volti hata kidogo juu ya umeme, au chini ya graundi, dayodi inafunguka, mkondo unaingia kwenye mwili wa chipu, na chaneli nyingine ambazo hazina kosa zinaanza kusoma uongo. 4051 zote mbili, CD na HC, zina udhaifu huu.

Anza na rezista ya kilo-omu 1 hadi 10 mfululizo kwenye kila ingizo. Kwa kuwa hakuna mkondo unaopita, haikugharimu usahihi. Isipotosha, kuna 74HC4851, iliyotengenezwa makusudi ili mkondo wa namna hiyo kwenye chaneli moja usichafue nyingine. Kwenye gari au karibu na mota za maji, huu ndio upya ninaoulipia bila kinyongo.

Ukibadilisha ya zamani kwa mpya

ADG708, TMUX1108 na DG408 hazikai kwenye tundu la 4051. Mpangilio wa miguu ni tofauti, na mguu wa kuruhusu umegeuzwa: 4051 huwashwa kwa "0" kwenye mguu 6, hizi huwashwa kwa "1" kwenye EN. Ukinakili programu ile na kuacha EN graundi, utapata chaneli nane zilizolala. Ukitaka kubadili bila kuchora ubao upya, tafuta MAX4617: miguu ya 74HC4051, omu 10, umeme wa 2 hadi 5.5.

Nyingi za kisasa huja katika umbo la TSSOP, miguu ikiwa imepishana milimita 0.65. Agiza na vibao vya kugeuzia kwa wakati mmoja, la sivyo utasubiri mzigo mara mbili. Paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), kamata pembe mbili kwa risasi kidogo, vuta risasi kwenye safu nzima bila kuogopa madaraja (risasi inayounganisha miguu jirani), kisha yanyonye kwa waya wa shaba. Halafu angalia kwa kamera ya simu, maana macho yatakudanganya.

Kisanduku cha Kigamboni kimebaki na 74HC4051 ya miguu minene, volti 3.3, rezista ya kilo-omu 1 na nanofaradi 100 kwa kila chaneli. Mwezi uliopita mwenyewe alinipigia saa nne usiku: "Fundi, imeanza tena, bruda ya tano inasema ina baridi." Nikamwomba aende na tochi kabla sijatafuta pantoni. Taa ya bruda ya tano ilikuwa imeungua.